Harufu ya aliyetangulia: Funzo kutoka kwa kamba wa baharini

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, vya nchi kavu na vya baharini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, katika Suratul An'am, aya ya 38, Allah (S.W.) anatufahamisha kuwa wanyama watambaao na ndege warukao nao ni umma kama sisi tulivyo umma. Aya hii tunaisikia sana katika mawaidha, lakini mara nyingi tunaishia kwa nyuki na chungu, kwa kuwa hao wana sura zenye majina yao ndani ya Qur'ani. Chungu wa zama za Nabii Suleiman (A.S.) tunamjua: aliona jeshi linakuja, akawahimiza wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa. Leo tushuke baharini tumtazame kiumbe ambaye wengi wetu tunamjua akiwa sahanini tu, au tunamuuliza bei pale Feri, tunashtuka, tunaendelea na safari. Naye ni kamba koche, ambaye baadhi ya watu humwita kamba mawe. (Uhalali wa kumla si mada yetu. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi hatuna tatizo naye, na ndugu zetu Mahanafi wana maelezo yao.)

Kamba huyu hana magando ya kubania kama kaa. Silaha yake ni gamba lenye miiba na ndevu mbili ndefu, ngumu, ambazo humchapia adui. Na maadui anao: pweza, chewa, papa, kikande. Kwa hiyo mchana kutwa hujificha ndani ya pango la mwamba, na usiku ndipo hutoka kutafuta riziki. Kwake yeye suala la makazi ni suala la kufa na kupona.

Aliyechunguzwa zaidi na wataalamu ni yule wa bahari ya Karibi, anayepatikana Florida, Bahamas, Kuba na Mexico. Huyo na hawa wa kwetu ni nasaba moja. Maisha yake huanza kwa uhamiaji. Akishaanguliwa huchukuliwa na maji ya bahari kuu kwa miezi kadhaa, akiwa mwepesi na bapa kama jani. Kisha hubadilika umbo, akawa angavu kama kioo, na katika usiku wa giza la mwezi huogelea kuja pwani. Akifika hujibanza ndani ya mwani, kila mmoja peke yake. Katika umri huo hataki mwenzake. Rangi yake inafanana na mwani, na kukaa peke yake ndiyo salama yake.

Lakini baada ya miezi michache mwili umekua na mwani haumsitiri tena. Inabidi atoke akatafute pango chini ya jiwe au chini ya sponji kubwa za baharini. Hapo tabia yake hugeuka. Yule aliyekuwa akijitenga sasa anatafuta wenzake, na utawakuta kamba kadhaa wamejipanga pango moja, ndevu zimeelekea nje.

Sasa tujiulize, mgeni huyu anajuaje pango liko wapi? Bahari ni pana, usiku ni giza, na kila dakika anayoranda nje kuna mdomo unamsubiri. Wataalamu wakatengeneza mfereji wa maji wenye njia panda. Njia moja ilileta maji yaliyopita kwa kamba mwingine, na njia ya pili maji matupu. Aghalabu kamba alifuata maji yenye harufu ya mwenzake. Baadaye ikabainika kuwa harufu hiyo imo katika mkojo. Msicheke. Allah (S.W.) huweka dalili zake mahali anapotaka.

Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Florida, Michael Childress na William Herrnkind, walitoa maelezo ambayo mimi yamenikaa moyoni. Watu wengi hudhani kamba hukusanyika ili wapigane pamoja, na kweli wakubwa hufanya hivyo: wakivamiwa na kikande mahali pa wazi hujipanga duara, mikia ndani, ndevu nje. Lakini kwa wale wadogo, walisema, faida kubwa ni nyingine. Harufu ya aliyetangulia inampunguzia mgeni muda wa kutangatanga. Anafika pangoni mapema zaidi kuliko angejitafutia mwenyewe, na muda ule aliouokoa ndio uhai wake. Waliliita jambo hili athari ya kiongozi njia.

Tusimpambe kamba kwa sifa asizokuwa nazo. Yule aliyemo pangoni hakumwita mtu. Hakutoa nusu ya pango lake kwa ukarimu. Yeye yupo tu, na kule kuwepo kwake ndiko kunakomwambia mwingine kuwa hapa panakalika. Hakuna aliyetangulia mahali asiwe dalili kwa anayekuja nyuma, apende asipende.

Tukirejea katika sira, tutalikuta jambo hili katika sura iliyo bora zaidi. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwaunganisha Muhajirina na Ansari wakawa ndugu. Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaunganishwa na Saad bin Rabii (R.A.), tajiri wa Kiansari, ambaye alimtaka wagawane mali yake nusu kwa nusu. Kisa hiki tunakipenda kwa ajili ya ukarimu wa Saad, na kweli Suratul Hashr, aya ya 9, imewasifu Ansari kwa kuwatanguliza wengine hata wakiwa wao wenyewe wana dhiki. Lakini hebu tazameni Abdurrahman alijibu nini. Alimuombea Saad baraka katika mali na ahli yake, kisha akauliza soko liko wapi. Wakamuonyesha soko la Banu Qaynuqa. Akaenda, akafanya biashara, akarudi na jibini kavu na samli. Mgeni yule alihitaji kuonyeshwa njia na mwenyeji mkweli, basi.

Na wasiokuwa na pa kwenda kabisa waliwekewa Suffa, mahali palipoezekwa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Masikini wa Kimuhajirina walilala pale, naye Abu Huraira (R.A.) alikuwa mmoja wao. Msikiti ule haukufungwa kufuli baada ya Isha.

Sasa tutoke Madina tuje mijini kwetu. Kijana anashuka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, ametoka Lindi au Tanga, mfukoni ana namba ya simu ya mjomba. Mjomba ana chumba kimoja, watoto wanne, na mgeni atalala chini sebuleni kama sebule ipo. Akianza kutafuta chumba anadaiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, taslimu. Dalali anataka hela yake ya kumuonyesha, na akishaipata anamuonyesha chumba ambacho maji ya mvua yanaingia hadi kitandani. Kijana atajuaje kuwa bonde la Msimbazi hujaa? Mwenyeji anajua. Jirani anajua. Watu safu nzima msikitini wanajua, na pengine mwenye chumba kizuri kisicho na mpangaji amesali naye bega kwa bega, wakapeana mikono, kila mtu akaenda zake. Haya ndiyo maajabu ya jamaa zetu za mijini. Tunakaribiana miguu katika safu, wala hatuulizani umelala wapi.

Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha kuwa mbwa mwitu humpata kondoo aliyejitenga na kundi. Hadithi hiyo tunaitumia kuwakemea wasiohudhuria swala ya jamaa, na ni sawa. Lakini yupo kondoo ambaye hakujitenga. Yeye alikuja, na kundi ndilo halikumtazama.

Hadi hapa, ndugu msomaji, kamba ametufundisha mazuri. Sasa njooni tuone jinsi uzuri huohuo unavyogeuzwa kuwa mtego.

Wavuvi wetu wa Lamu na Kiunga wana ufundi wa zamani wa kumtoa kamba pangoni. Humuingiza pweza, na kamba akimuona adui yake hukurupuka nje akaangukia mikononi mwa mvuvi. Huo ni uvuvi wa kutisha. Kule Florida wana ufundi mwingine. Huzamisha visanduku vya mbao vyenye mlango juu, na sheria yao haimruhusu mvuvi kuuza kamba ambaye gamba lake la kichwa na kifua halijazidi inchi 3. Lakini inamruhusu kubeba wadogo hao wakiwa hai na kuwaweka ndani ya mitego. Wa nini? Wawe chambo. Kisanduku chenye kamba ndani huvuta kamba wengine kuliko kisanduku kitupu. Mgeni anaranda usiku, anasikia harufu ya mwenzake, anaifuata kama alivyoumbwa aifuate, anaingia.

Tizameni tofauti. Pweza ni adui, na adui unaweza kumkwepa. Ndugu yako unamkwepaje?

Tena hapana uongo wowote uliosemwa. Harufu ni ya kweli. Ni kweli mle ndani kuna kamba, na ni kweli yuko hai. Kisichokuwa kweli ni kwamba mle ni nyumba. Na yule mdogo aliyefanywa chambo hana kosa wala hajui anatumika. Wengine hufia humohumo.

Nani miongoni mwetu hajaona jambo hili kwa binadamu? Binti wa Tanga, wa Mombasa au wa Unguja anaona katika simu picha ya shoga yake aliyekwenda Ughaibuni kufanya kazi za ndani. Amesimama mbele ya jengo la vioo, amevaa abaya mpya. Picha si ya uongo. Jengo lipo, abaya ipo, na shoga yuko hai. Wakala anaitumia picha hiyohiyo kuwashawishi wengine kumi. Binti anasema, "Kama fulani kaenda, na mimi nitakwenda." Amefuata harufu ya aliyetangulia.

Akifika ndipo anaukuta utaratibu wa kafala, ambao unaifunga ruhusa yake ya kukaa nchini kwa mwajiri wake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watumishi wa ndani wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu. Waliohojiwa walieleza kunyang'anywa pasi, kunyimwa mishahara au kupunjwa, na kufanyishwa kazi kwa saa nyingi bila mapumziko. Wapo waliopigwa. Sisemi kila mwajiri wa huko ni dhalimu. Wapo mabinti waliokwenda kwa heshima, wakarudi kwa heshima, na nyumba za wazazi wao zimeezekwa bati kwa jasho lao. Nazungumzia mlango. Je, aliyeingia anaweza kutoka?

Huko Mexico, kijiji cha Punta Allen, wavuvi hutumia kitu kinachoitwa casita, paa la chini linalowekwa sakafuni mwa bahari, pembeni wazi. Kamba huingia apendavyo na hutoka apendavyo. Mvuvi anajitafutia faida yake, tusijidanganye kuwa ni sadaka. Lakini anapofika huchukua wakubwa, na wadogo huwaacha palepale chini ya paa, wakue. Casita na kisanduku vyote viwili ni vya mvuvi, na vyote viwili vinavuta kamba kwa harufu ileile. Aliye nje usiku hawezi kuvitofautisha. Anayeweza kuvitofautisha ni aliyemo ndani.

Basi kwa nini aliyemo ndani hasemi? Hapa kamba anatushinda. Imethibitika kuwa kamba aliyejeruhiwa, damu yake ikichanganyika na maji, wenzake wakisikia harufu ile hukwepa mahali hapo. Jeraha lake ni onyo kwa umma wake. Sisi majeraha tunayaficha. Binti anarudi na kovu mgongoni na mishahara ya miezi minane hakulipwa, lakini amenunua mafuta mazuri na zawadi za mama kwa hela ya kukopa, na akiulizwa anasema, "Alhamdulillah, kule kuzuri." Anaogopa kuchekwa. Familia nayo inaogopa watu watasemaje. Kijana aliyekuja mjini naye hivyohivyo. Amelala barazani mwa duka mwaka mzima, lakini akienda kijijini Iddi anatembea kama mwenye nyumba, na wadogo zake wawili wanaondoka naye.

Wapo watakaosema kuwa kueleza mabaya ya wakala fulani ni kusengenya. Hapana. Imam Nawawi (R.A.) katika Riyadhus Swalihin ametaja mambo sita ambayo kwa ajili yake inajuzu kumsema mtu asiyekuwepo, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na shari na kuwapa nasaha. Na katika hadithi Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa anayeombwa ushauri ameaminiwa, yaani amebebeshwa amana. Binti akikuuliza, "Dada, niende?", hapo umeshabebeshwa. Ukinyamaza kwa kuogopa aibu, umenyamaza na amana ya mtu mkononi.

Lipo jambo jingine ambalo katika hilo kamba si mwalimu wetu, na sitaki nilipite. Mwaka 2006 Donald Behringer, Mark Butler na Jeffrey Shields walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi juu ya virusi vinavyoua kamba wa Karibi, hasa wale wadogo. Waliona baharini kuwa zaidi ya nusu ya kamba wazima huishi pamoja na wenzao, lakini wagonjwa karibu wote wamo peke yao. Walipowajaribu, wakakuta wazima ndio wanaowakimbia wagonjwa, tena mapema, kabla ugonjwa haujafikia hatua ya kuambukiza. Mgonjwa mwenyewe hawakimbii wenzake. Yeye bado anawataka.

Kwa kamba hiyo ni hekima, na umma wake umesalimika kwayo. Sisi tumepewa hekima hiyo na tukaongezewa nyingine juu yake. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh, akiwa njiani kwenda Sham, akaambiwa kuna tauni, alirejea na watu wake. Abdurrahman bin Auf, yuleyule wa sokoni, akamueleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): penye tauni msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Hiyo ni tahadhari, tena ni wajibu. Lakini dini iliyotuamrisha tahadhari ndiyo hiyohiyo iliyofanya kumtembelea mgonjwa kuwa haki ya Muislamu juu ya Muislamu. Kujikinga na maradhi ni jambo moja, na kumtupia mtu godoro lake nje ni jambo jingine. Miaka ile ya mwanzo ya ukimwi tuliona wapangaji wakitolewa vyumbani kwa uvumi tu. Mwaka 2020 ilipokuja korona wapo waliowekewa chakula mlangoni kila siku na jirani, na wapo waliohamwa na nyumba nzima. Wote walikuwa katika miji hii hii yenye misikiti kila mtaa.

Nimalizie na mambo yanayowezekana, maana mawaidha yasiyo na kazi ya kufanya kesho huishia kuwa burudani. Kila msikiti una daftari la michango. Hilo tunaliweza. Tuweke na daftari la pili, liandikwe vyumba vilivyo wazi mtaani, mwenye nyumba ni nani, anataka kodi ya miezi mingapi, mvua ikinyesha hali huwaje. Asimamie mtu mmoja muaminifu, na mgeni asitozwe kitu kwa kulisoma. Katika darasa za kina mama, dada waliorudi Ughaibuni waombwe wazungumze, wanawake wenyewe kwa wenyewe, bila simu za kurekodi, waliofanikiwa na walioumizwa. Wasiulizwe wameleta nini. Waulizwe: pasi yako alikaa nayo nani, mkataba uliusoma kwa lugha gani, na siku ulipotaka kuondoka ilikuwaje. Binti anayejiandaa kusafiri akae palepale asikilize.

Na mwenye chumba kitupu uani kwake, Ijumaa hii akitoka swalani, amwambie imamu kabla hajamwambia dalali.